Kuimaliza bustani iliyolala: mwongozo wa kujenga tuta la mboga juu ya mawe ya Goma kwa vifaa vilivyokusanywa

Katika parseli (viwanja) nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Ndosho hadi Majengo, nyuma ya nyumba pana rundo la mawe yaliyopangwa nusu, mabati mawili matatu yenye kutu yaliyoegemezwa ukutani, magunia matupu na bidoni zilizokatwa vichwa, vyote vikisubiri bustani iliyoanzishwa misimu kadhaa iliyopita na kuachwa njiani. Ardhi yenyewe inachangia sana kuahirisha huko. Lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na hata mahali ambapo haikufika, chini kuna lava za kale, kwa hiyo anayechimba kwa jembe hugonga mwamba mapema mno. Mwenye bustani huanza kwa nguvu kwa kuwa mawe yapo tele, hujenga kuta za matuta matatu au manne kwa mara moja, kisha hugundua kwamba hana udongo wa kujaza hata moja, na kazi husimama hapo.

Mwongozo huu unaigeuza hesabu hiyo. Huku kwetu mawe hayahesabiki, lakini udongo na maji ni mali, na kila kifaa ulichokusanya kinapaswa kupimwa kwa swali moja: je, kinatunza udongo, au kinatunza maji? Kisichofanya lolote kati ya hayo kiondoke njiani. Na tuta lijengwe moja tu, lifikishwe hadi kupandwa mbegu, kabla jiwe la tuta la pili halijaguswa. Wakati mzuri wa kujenga ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, ili mvua za Septemba zikute kila kitu tayari. Kwa sababu mboji huhitaji takribani miezi mitatu kuiva, rundo lake linapaswa kuanza mwanzoni mwa Juni, yaani kabla ya ukuta, ingawa katika maelezo haya nitalifikia baadaye.

Kukagua ulichonacho

Tandaza vifaa vyote mahali peupe na uvitenge kwa aina. Zoezi hili huchukua asubuhi moja, nalo huokoa pesa, kwa sababu watu wengi hununua vitu ambavyo tayari vimelala chini ya rundo.

Bidoni za njano za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kupikia ni hazina. Zioshe kwa maji ya moto na sabuni, uzisuuze mara mbili, na uache zikauke zikiwa zimefunguliwa. Bidoni iliyowahi kubeba petroli, mafuta ya injini au dawa ya kuulia wadudu isiingie bustanini kwa kazi yoyote, hata ikioshwa namna gani, kwa kuwa plastiki hunyonya kemikali na kuzitoa polepole.

Mbao za paleti zikaguliwe alama zake kabla ya kung'olewa misumari. Paleti ya biashara ya kimataifa hupigwa muhuri: herufi HT huonyesha kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, na hizo zinafaa, herufi MB huonyesha kwamba zilifukizwa kwa gesi ya metili bromidi, na hizo zikatae. Mbao za zamani zilizopakwa rangi nazo ziache, kwani rangi za miaka ya nyuma mara nyingi zilikuwa na risasi, ambayo hukaa katika udongo bila kuisha.

Mabati yenye kutu hayana madhara makubwa. Yakunje ukingo kwa nyundo ili yasikate watoto, kisha yatumie kama uzio wa kuzuia kuku na mbuzi au kama mfuniko wa mboji. Tahadhari kubwa ni kwa vipande vya paa la saruji lenye asbesto ambavyo bado vinapatikana katika majengo ya zamani. Hivyo visivunjwe, visikatwe wala visipigwe msasa, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu, na bustani haihitaji kitu cha namna hiyo hata kidogo.

Matairi yatumike kwa ngazi, kwa kushikilia mteremko au kwa maua. Mboga za kuliwa zipandwe kwingine. Magunia ya plastiki yaliyobeba mchele au unga yanafaa, mradi ujue kwamba jua la hapa hulichakaza gunia lililo wazi katika msimu mmoja au miwili. Kwa sababu hiyo mimi hulipendelea gunia lililofukiwa chini ya udongo, mahali ambapo jua halilifikii na kazi yake ni kubwa zaidi, kama itakavyoonekana.

Mahali na kipimo

Chagua mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi, karibu na mteremko wa maji ya paa, na upande wa juu wa choo. Jambo la mwisho lina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa lava imejaa nyufa na majitaka hutembea ndani yake bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo mzito.

Kuna jambo jingine la Goma ambalo miongozo ya mahali pengine haitakuambia. Katika maeneo ya magharibi ya mji na kando ya ziwa, kuelekea Keshero, Mugunga na Lac Vert, mazuku hutoka katika nyufa za ardhi. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, ambayo hukaa katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na imekwisha kuua watu na mifugo. Ukiishi upande huo, usichimbe shimo refu la mboji wala la kutunzia maji. Mboji yako iwe rundo juu ya ardhi, na bustani isiwekwe katika bonde dogo hata kama linaonekana lina rutuba. Ukikuta wadudu, ndege au panya wamekufa bila jeraha katika kishimo, paache mahali hapo, na watoto wasipasogelee.

Tuta la kwanza liwe na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2 kwa ndani. Upana huo hukuwezesha kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Kama tuta limeegemea ukuta wa nyumba au ua, upana usizidi sentimita 65. Acha njia ya sentimita 50 kulizunguka.

Sasa fanya hesabu kabla ya kubeba kitu chochote. Udongo wa kina cha sentimita 35 katika tuta hilo ni mita za ujazo 1.26, yaani bidoni 63 za lita 20. Kwa mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo na moja ya mboji, unahitaji bidoni 42 za udongo na 21 za mboji. Ukiona idadi hiyo inakuzidi, fupisha tuta hadi mita 2 badala ya kupunguza kina. Lengalenga (mchicha) huridhika na sentimita 20, lakini karoti, nyanya na kabichi huteseka zikikosa 30.

Kujenga ukuta bila saruji

Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji ndio moyo wa kazi, na inafaa kuutulia. Saruji hugharimu, na ukuta wake usipoachiwa matundu hufungia maji; mawe yaliyopangwa vizuri hushikana kwa uzito wake na kuyapitisha maji ya ziada taratibu. Kwa tuta letu, ukuta wenye kimo cha sentimita 50 utakula zaidi kidogo ya mita moja na nusu za ujazo za mawe. Kama hayapo yote ndani ya parseli, yatafute kwa jirani anayesawazisha kiwanja, kwa kuwa mara nyingi atafurahi ukimpunguzia, na chukudu moja, yaani baiskeli ya mbao ya kusukuma, hubeba mzigo mkubwa kwa bei nafuu kuliko gari.

Vaa viatu vilivyofungwa na glavu nene, kwani lava iliyopasuka ina makali ya chupa. Anayepasua mawe avae miwani ya kukinga macho. Utahitaji nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, tindo, kamba, vigingi vinne, na mtalimbo, au baramini kama mafundi wengi wa hapa wanavyouita.

Panga mawe katika mafungu matatu: makubwa ya msingi, ya kati yenye walau uso mmoja ulionyooka, na vipande vidogo vya kujaza. Funga kamba kuzunguka mstari wa ukuta. Mahali penye changarawe chimba mfereji wa sentimita 15 hadi 20 na upana wa 40, hadi kufikia tabaka lisilosogea. Mahali penye mwamba mtupu usichimbe, bali safisha mchanga wote kwa ufagio ili jiwe la kwanza likalie mwamba wenyewe.

Mawe ya msingi yalazwe upande wao mrefu ukielekea ndani ya tuta, siyo kando ya mstari. Fundi mgeni hupenda kulaza jiwe kwa urefu kando ya kamba kwa sababu linafunika nafasi kubwa haraka, lakini jiwe hilo halina mkia wa kulishikilia, na udongo ukilowa hulisukuma nje. Kila jiwe la safu inayofuata likalie mawe mawili ya chini, ili kusitokee mstari wa wima unaopita safu mbili. Kabla ya kuendelea na safu mpya, weka kiganja juu ya kila jiwe na ulitikise. Likicheza, hata kidogo, lipachike kabari ya kipande chembamba kutoka nyuma, kamwe si kutoka mbele, kwa sababu kabari ya mbele huchomoka. Nafasi za ndani ya ukuta zijazwe kwa vipande vidogo vilivyoshindiliwa kwa mkono kimoja kimoja. Udongo usitumike kujaza ukuta, kwani mvua ya kwanza itauosha na mawe yatalegea.

Ukuta uinamie ndani kidogo kadiri unavyopanda: kwa kimo cha sentimita 50, uso wa nje urudi ndani kwa sentimita 8. Msingi wenye upana wa sentimita 40 utaishia na takribani sentimita 30 juu. Kwenye kona, mawe marefu yapishane, safu moja likielekea upande huu na safu inayofuata upande ule. Kona ndiyo hufunguka kwanza, hivyo iwekee akiba mawe yako mazuri kuliko yote. Safu ya mwisho iwe ya mawe mapana na mazito, ambayo baadaye utayakalia wakati wa kupalilia. Ukiweza kusimama juu yake na kutembea tuta zima bila jiwe kulia chini ya mguu, ukuta umekamilika.

Kuziba sakafu

Hatua hii fupi ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoamua kama udongo wako utakuwapo mwakani. Lava ina nyufa zinazoingia ndani sana. Udongo uliomwagwa juu yake moja kwa moja humezwa na mvua hadi mimea ibaki ikining'inia juu ya mawe. Pachika vipande vya mawe katika kila ufa, tandaza juu yake changarawe nyepesi ya volkano kwa unene wa sentimita 10 hadi 12, kisha funika kwa magunia ya plastiki yaliyopasuliwa na kutobolewa matundu madogo kila baada ya kiganja kimoja, yakipandana kwa sentimita 15 na kupanda ukutani hadi nusu ya kimo. Maji yatapita, udongo utabaki. Juu ya magunia laza vipande vya migomba vilivyopasuliwa kwa urefu, ambavyo hushika maji mengi na huoza taratibu.

Udongo, mboji na vumbi la makala

Udongo utakaoununua kwa lori au kwa magunia uushike kwanza mkononi. Ukilowa uwe unafinyangika bila kunata kama gundi, na usiwe na vipande vya chupa, betri wala plastiki. Udongo unaotolewa karibu na jalala huwa na hivyo vyote, na bei yake ndogo isikuvutie.

Rundo la mboji liwe na walau mita moja kila upande, kwani rundo dogo halipati joto. Changanya sehemu mbili au tatu za vikavu, kama majani makavu ya ndizi, mabua ya mahindi, maranda na katoni zisizo na rangi, kwa sehemu moja ya vibichi, kama maganda ya jikoni, magugu na samadi. Samadi ya sungura na ya simbilisi, ambao hufugwa katika nyumba nyingi za Kivu, ni bora na hupatikana kwa ndoo moja moja kutoka kwa majirani. Mchanganyiko ukikamuliwa mkononi utoe tone moja au mawili tu. Funika kwa bati kuukuu na ulipindue kila baada ya wiki mbili. Ili kujua kama linafanya kazi, chomeka chuma katikati kwa dakika kumi. Kikitoka na joto linalokuzuia kukishika kwa muda, rundo liko hai. Rundo la mita moja ya ujazo hupungua hadi kufikia nusu hivi au chini yake, na hicho ndicho kiasi cha bidoni 21 unazohitaji.

Kuna kifaa kimoja ambacho mji huu hukitupa kila siku, nacho ni vumbi la makala (mkaa) linalobaki chini ya magunia ya wauzaji. Makala yana vitundu visivyohesabika vinavyoshika maji na chakula cha mimea, na katika udongo hayaozi kwa miaka mingi. Lakini yasitiwe yakiwa makavu na matupu, kwa sababu yatanyonya naitrojeni ya udongo kwanza na mboga zitageuka manjano. Yaponde hadi yafanane na punje za mchele, yalowe kwanza kwa maji ili vumbi lisiruke puani, kisha yaweke katika bidoni pamoja na maji ya samadi kwa wiki mbili, ukikoroga kila siku chache. Harufu ya samadi itapungua kadiri makala yanavyoshiba. Baada ya hapo yachanganye na mboji. Bidoni 6 zinatosha tuta letu zima. Majivu ni jambo tofauti: huongeza alikali, hivyo konzi mbili au tatu kwa mita ya mraba kwa mwaka zinatosha, na wanaomwaga majivu ya jiko kila siku mahali pamoja wanaudhuru udongo.

Changanya udongo na mboji nje ya tuta, juu ya turubai, na ujaze kwa tabaka za sentimita 10 ukinyunyizia maji kila tabaka, bila kukanyaga. Weka kando bidoni tatu au nne za mchanganyiko, kwa kuwa tuta litashuka.

Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 litakupa takribani lita 320 baada ya upotevu, na tuta letu wakati wa jua linahitaji bidoni moja ya lita 20 kwa siku. Pipa moja la lita 200 ni siku kumi za utulivu. Liinue juu ya mawe kwa sentimita 50 ili maji yashuke yenyewe, lifunike kwa kitambaa cha chandarua kikuukuu dhidi ya mbu, na mfereji wa paa uutengeneze kwa bati lililokunjwa au bomba lililopasuliwa.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi ziache zipite. Moshi wa Nyiragongo huifanya mvua kuwa na tindikali na floridi, na maji hayo yanapoosha paa hubeba pia majivu ya volkano na zinki ya mabati. Baada ya manyunyu mepesi siku ambayo moshi umeshukia mjini, suuza majani ya miche michanga kwa maji safi kabla jua halijapanda. Maji ya Ziwa Kivu yanaweza kuokoa tuta wakati wa ukame, ila yana takribani gramu 1 ya chumvi kwa lita na alikali nyingi. Yatumie kwa zamu na ya mvua, wala usiyategemee peke yake kwa msimu mzima.

Kupanda na kulinda

Anza na lengalenga, ambayo huanza kuchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa na huonyesha mapema kama sehemu fulani ya tuta ina upungufu. Wakati huo huo otesha kabichi katika nusu za bidoni zilizotobolewa chini, ili miche ihamishiwe kwa umbali wa sentimita 45 lengalenga inapong'olewa. Karoti zipewe kona iliyochekechwa mawe, kwani kokoto moja huupasua mzizi pande mbili. Pembezoni panda matembele na uyaache yaning'inie nje: lava nyeusi hupata joto kali mchana na ukingo wa tuta hukauka kabla ya katikati, hivyo kivuli cha majani hayo huokoa maji kuliko kumwagilia mara ya pili. Tandaza majani makavu ya ndizi juu ya udongo wote, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina.

Baada ya mwezi mmoja wa mvua tuta litakuwa limeshuka kwa sentimita kadhaa. Jaza kwa zile bidoni ulizoweka akiba, na ukague ukuta kwa kiganja kama ulivyofanya wakati wa kujenga. Jiwe lililotoka nje lirudishwe siku hiyo hiyo, kabla halijawavuta wenzake. Rundo jipya la mboji lianzishwe mara tu la kwanza linapomalizika, mahali pale pale, kwa sababu ndilo litakalopanga tarehe ya kuanza tuta la pili.